Robo Mzunguko Katika Viatu vya Bi Ardella

Jumapili Bi Ardella Pruitt alianguka, na hadi Jumanne asubuhi kijiwe cha Sukari kilikuwa bado hakijaamini. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao chini ya dirisha la kahawa, Mtaa wa Puritan, Detroit, ng'ambo ya barabara kutoka Arkadia, ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Wenye benchi wanajulikana. Sukari, mwenye dirisha, jina lake la ubatizo ni Rolanda. Kahawa yake ni chungu, na lakabu ilianza kwa dhihaka ikabaki. Laini Tatu alistaafu kutoka laini ya tatu ya kiwanda cha magari na kila kitu duniani hukipima kwa nati. Shemasi ni shemasi kweli, wa kanisa la Kibaptisti la kona ya pili, na methali huzirusha kama mtu anayepanda mbegu bila kutazama shamba. Wa nne ni Ervin Tuggle, dereva wa basi aliyestaafu, anayeitwa Redio kwa sababu haongei. Asubuhi hiyo alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, umeshika spana.

— Alianguka, alisema Sukari akimimina. Mimi hujiambia hapana, halafu nakumbuka nilikuwepo.

— Hakuanguka. Alikaa, alisema Laini Tatu.

— Mtu hakai katikati ya kona, bwana, na treni nzima nyuma yake.

— Sijasema alikaa kwa hiari.

— Sakafu ilitoa mlio, alisema Shemasi. Nimezika watu wengi. Mlio ule sijausikia kaburini.

Kila Jumapili mchana, watu wazima wa Arkadia hushikana viuno, wakaunganika kuwa treni moja, na kichwa cha treni ni Bi Ardella. Watoto wamekua, wakaoa, wakaleta watoto wao, kichwa cha treni hakijabadilika. Hakuna aliyewahi kumwona sakafuni. Ndiyo maana Jumapili ile mpiga muziki aliuzima mwenyewe bila kuambiwa. Bi Ardella aliinuka, akakaa ukingoni, akavua viatu, akavuka barabara kwa soksi, viatu mkononi, hadi nyumbani kwake, nyumba ya matofali ya kona, inayotazamana na benchi ng'ambo ya barabara ya pembeni. Mlangoni alisema maneno mawili tu: “Miguu imenijibu.”

Wote walimwelewa. Mama yake alianza hivyo hivyo. Alianguka jikoni siku moja, pasipo na maji wala zulia, na baadaye mkono wake ukashindwa kubeba kikombe. Tangu Jumapili pazia la Bi Ardella halikuwa limefunguliwa.

Redio alikuwa akilitazama pazia hilo. Alijua jambo ambalo wenzake, kwa hesabu yake, hawakulijua.

Ekseli ni kile chuma chini ya kiatu kinachobeba magurudumu. Kila kiatu kina mbili, ya mbele na ya nyuma. Mteleza akiegemea, ekseli inainama naye na kiatu kinakata kona. Inainama kiasi gani, hilo ni shauri la nati moja na mpira ulio chini yake. Kaza, kiatu kinakwenda mbele kama treni ya kweli. Legeza, kinacheza. Bi Ardella alikuwa amefunga ekseli mpya tangu majira ya kuchipua. Jumatano kabla ya kuanguka, akinywa kahawa pale pale, alisema kwa kupita: “Hizi mpya zinanitangulia kidogo.” Hakuomba msaada. Alimaliza kahawa akaenda zake, na viatu akaviacha chini ya kaunta ya Sukari kama kawaida, maana ni vizito.

Alhamisi Redio alikuja kununua kahawa, Sukari akiwa nyuma. Aliinama, akakuta kiatu cha kulia juu ya mwenzake, akaikaza nati ya mbele robo mzunguko. Alitaka kufanya na cha kushoto. Akasikia ndala za Sukari zinarudi, akasimama wima na kuagiza kahawa.

Nati ya mwenzio haiguswi. Arkadia wana sheria za ubani wa kutafuna, za kofia na za kuteleza kinyume, lakini hiyo haikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyefikiria itahitaji kuandikwa.

— Tatizo ni upana, alisema Laini Tatu. Ekseli haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa soli. Unasimamisha kiatu, unachungulia kwa nyuma. Ukingo wa gurudumu na ukingo wa soli wawe majirani. Ikizidi upana, magurudumu ya kushoto na kulia yanapigana visigino. Ikipungua, unasimama kama mbuzi juu ya jiwe.

— Na zake zilikuwaje? aliuliza Sukari.

— Sawasawa na soli. Nilipima mwenyewe.

— Sasa?

— Ndio hapo sasa. Zilikuwa sawa mno.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Shemasi.

— Mkuu gani, Shemasi? Mkuu pale ni yeye.

— Basi hakujisikia.

Sukari alipangusa dirisha kwa kitambaa.

— Nyie mnazunguka. Ni mipira. Mpira unachaguliwa kwa uzito wa mtu, si ndiyo? Mzito anataka mgumu, mwepesi anataka laini. Ardella hajala kambare wa kukaanga tangu Pasaka. Amepungua. Mpira ule haumjui tena.

— Mpira unamjua mtu?

— We Laini, uliponyoa ndevu mkeo alikufungia mlango. Na yule ana macho.

Redio alikunywa kahawa. Mpira ulikuwa karibu na nati. Alitamani mazungumzo yasogee mbali kidogo, na Shemasi akayasogeza.

— Mnatazama kiatu. Tazameni sakafu. Walipoibadilisha, mbao walizitoa wapi? Kwenye ule ukumbi wa mchezo wa kubingirisha matufe uliofungwa kule Barabara ya Grand River. Mbao zile zimepitiwa na matufe maisha yao yote, yakienda moja kwa moja, moja kwa moja. Mbao ina kumbukumbu, ndugu zangu. Unaidai kona, inakwambia mimi sijafundishwa kona.

— Mbona wengine tunakata kona? aliuliza Laini Tatu.

— Nyinyi mnaburuza. Yeye ndiye anayekata.

Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake.

— Hata ingefundishwa, alisema Sukari, chini yake kuna nini? Chumvi. Wanachimba chumvi chini ya mji huu tangu babu yangu hajatoka Alabama. Chumvi yote inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, mnadhani pale ilipotoka pamebaki nini? Shimo. Arkadia imeinama upande wa mto. Ardella akafika kona ya upande wa mto, mji ukamwachia.

— Mbona kahawa yako haijainama kikombeni?

— Kikombe nacho kimeinama, mzee. Vikiinama vyote pamoja utaonaje?

Laini Tatu alikigeuza kikombe chake akakichunguza. Alipoongea tena alikuwa amepunguza sauti.

— Mi nitawaambia kitu ambacho kiwandani tulikuwa hatusemi mbele ya wateja. Gari la Jumatatu. Watu wamerudi kazini, Jumapili bado iko kichwani. Usinunue gari la Jumatatu. Ekseli zile ni za Jumatatu. Nilizijua kwa mng'ao. Chuma cha Jumatano hakina aibu ile.

— Bandu bandu huisha gogo, alisema Shemasi.

— Hilo limeingiaje hapo?

— Litaingia.

Kadiri mji ulivyozidi kuzama na chuma kuona aibu, Redio alizidi kupumua. Robo mzunguko ni kitu gani mbele ya mgodi wa chumvi? Mkono hugeuza robo kwa kukohoa tu. Ndipo gari lenye namba za Ohio lilipotoka kwenye ua wa Bi Ardella, likavuka barabara, likasimama mbele ya Arkadia. Mwanamume mrefu alishuka na mfuko, akajaribu mlango, akaukuta umefungwa. Akaja kwenye benchi.

— Shikamooni wazee. Shikamoo, mama. Hawa wanafungua saa ngapi?

— Marahaba. Mchana, alisema Sukari. We ni mkwe wa Ardella.

— Naam. Quincy. Nimemwoa Jolene, bintiye. Tumekuja kutoka Toledo tangu Jumapili ile ile. Mama amenituma nimpe meneja hivi. Kasema meneja anajua pa kuvitundika.

Aliufungua mfuko. Viatu vyeupe vya Bi Ardella vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba zao, fundo juu ya fundo.

Sukari aliweka birika chini. Arkadia kuna ukuta mmoja, nyuma ya meza ya kukodisha, wenye misumari. Mteleza akimaliza safari yake, viatu vyake hufungwa kamba pamoja na kutundikwa pale. Vingine huletwa na wajane. Vichache huletwa na wenyewe. Kilichotundikwa hakishushwi, na aliyetundika hajawahi kurudi kuomba vya kukodi.

— Hapana, alisema Laini Tatu.

— Ndivyo alivyosema, mzee. Mimi ni tarishi tu.

— Amemwona daktari? aliuliza Shemasi.

— Jana, Jolene alimpeleka. Daktari hakuona kitu. Kasema arudi wampime zaidi, naye kakataa. Anasema anakijua kitu chake, kilianzia kwa mama yake.

Hakuna aliyetoa methali. Sukari alimpa Quincy kikombe, naye akakaa mwisho wa benchi kungoja, viatu vikiwa magotini. Hakuwa mteleza. Aliyazungusha magurudumu kwa kidole, kama mtu anayesubiri afanyavyo na kitu chochote kilicho mkononi. Akabonyeza magurudumu ya kiatu cha kulia upande mmoja. Akabonyeza ya kushoto. Akarudia.

— Samahani, wazee. Huwa vinatengenezwa hivi? Kimoja kigumu, kingine teketeke?



Laini Tatu alivichukua. Cha kulia alikibonyeza kwa vidole gumba viwili, ekseli haikusogea. Alikibonyeza kwa uzito wake wote, haikusogea. Alipokigusa cha kushoto, ekseli ilijikunja kabla hajakaza mkono.

— Yesu, alisema Laini Tatu, na hakuwa mtu wa kanisa.

— Kwa hivyo havitengenezwi hivi, alisema Quincy.

— Mimi, alisema Redio.

Walimgeukia wote kana kwamba benchi ndilo lililosema.

— Mimi nilikikaza cha kulia. Alhamisi. Alisema zinamtangulia, nikaona nimpunguzie. Robo tu.

— Alhamisi saa ngapi? aliuliza Laini Tatu.

— Asubuhi.

Laini Tatu aliviweka viatu magotini taratibu sana.

— Mimi ilikuwa Alhamisi jioni. Nilikigusa nikakiona kimelegea bado. Nikakaza mbele na nyuma.

— Cha kulia?

— Ndicho kilichokuwa juu. Nilitaka nikifuate cha pili, nikasikia ndala.

Sukari alizitazama ndala zake.

— Shemasi, alisema, mbona unatazama mbinguni?

— Ijumaa, alisema Shemasi. Nilipita baada ya maombi. Nilikikaza na nikakiombea.

— Robo?

— Niliomba robo. Nilikaza nusu.

— Cha kulia.

— Ndala, dada. Ndala zako.

Redio alihesabu na hakupata nafuu. Tangu Jumapili alikuwa amebeba dhambi moja. Sasa zilikuwa tatu, na ile yake haikuwa imepungua hata kidogo.

— Watu wazima, alisema Sukari. Watu wazima watatu mnaingiza mikono chini ya kaunta yangu. Nati ya mwenzenu. Nyie ni watu wa namna gani?

— Na cha kushoto? aliuliza Quincy.

— Kipi?

— Hiki teketeke. Wazee wote wamekaza cha kulia. Hiki kimelegezwa na nani?

Sukari alichukua kitambaa akapangusa mahali ambapo palikuwa pameshapanguswa.

— Rolanda, alisema Laini Tatu.

— Jumamosi nilivitoa kuvifuta vumbi. Nikakuta cha kulia kigumu kama jiwe. Nikasema, Ardella katengeneza anavyotaka, sikigusi. Mi nina adabu zangu.

— Halafu?

— Nikalegeza cha kushoto.

— Kwa nini?

— Iwe wastani.

Basi lilipita Puritan. Lilisimama, likashusha mtu, likaondoka. Laini Tatu alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Walikuwa wamemtuma Bi Ardella kwenye kona na mguu mmoja wa chuma na mwingine wa uji, kwa mapenzi, kila mmoja peke yake. Naye alikuwa amerudi nyumbani kwa soksi akidhani anakufa kama mama yake.

— Bandu bandu, alisema Shemasi kwa sauti ndogo.

— Nyamaza, Shemasi.

— Nilisema litaingia.

Laini Tatu aliamka kutoka bumbuwazini kwa njia aliyoijua. Alinyoosha kiganja.

— Redio, spana. Tunarudisha. Robo ya Redio tunaitoa, yangu tunaitoa, nusu ya Shemasi. Cha kushoto Sukari atasema alilegeza kiasi gani.

— Sikupima. Nililegeza mpaka roho ikatulia.

— Tutakisia. Kabla meneja hajaja viwe kama vilivyokuwa, kijana anavirudisha nyumbani, anamwambia mama ajaribu tena. Hakuna haja ya kutaja majina.

— Sawa, alisema Quincy. Vilikuwaje?

— Vilikuwaje lini?

— Kabla hamjavigusa.

Spana ilisimama hewani. Laini Tatu alitazama nati kama inayoweza kumnong'oneza. Tangu zile ekseli zifungwe, walikuwa wamemwona Bi Ardella kila wiki akigeuza nati upana wa unywele mmoja, akizunguka ukumbi mara moja, akirudi, akigeuza tena, hiki na kile, mbele na nyuma, mpaka siku moja akaacha kugeuza. Hakumwambia mtu amefika wapi, na hakuna aliyeuliza. Wao wenyewe ndio waliokuwa na sheria kwamba haiulizwi. Redio alijaribu kuikumbuka robo yake. Hakuwa na hakika tena kwamba ilikuwa robo.

— Anayejua ni mmoja, alisema Shemasi. Na hakuikosea methali hiyo, kwa kuwa haikuwa methali.

Sukari aliinua birika ajaze vikombe. Lilitoa matone, kisha hewa. Redio akasimama. Alivichukua viatu kutoka magotini mwa Laini Tatu, akatazama kushoto na kulia kama dereva, akavuka. Nyuma yake alisikia hatua nzito, hatua nzito nyingine, kisha ndala.

Bi Ardella alifungua kabla hawajagonga. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani, na mkononi alishika kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni.

— Nilimtuma mkwe wangu, alisema. Sikutuma kwaya.

— Nati ziliguswa, alisema Redio.

Bi Ardella alimtazama. Miaka yote ya kijiwe alikuwa hajamsikia akianza mazungumzo.

— Na nani?

— Na mimi.

— Na mimi, alisema Laini Tatu chini ya ngazi.

— Na mimi, Mungu anisamehe.

Ya nne, ya Sukari, ilichelewa, lakini ilikuja.

Bi Ardella aliweka kikombe juu ya ukingo wa baraza. Alikibonyeza kiatu cha kulia. Akakibonyeza cha kushoto. Kisha akakaa kwenye ngazi, pale pale aliposimama, mikono ikiwa juu ya magurudumu, akatazama barabara. Quincy alikuwa amesimama ng'ambo na funguo za gari, hajui kama avuke.

— Tangu Jumapili, alisema, nakijaza kikombe hicho, nakishika mbele ya dirisha. Nakitazama kama kitamwagika.

Shemasi alipanda ngazi moja.

— Kilimwagika, dada? aliuliza Shemasi.

— Hapana. Nikasema basi, kitu cha mama bado hakijafika mkononi.

Sukari alijifunika mdomo kwa kitambaa cha dirisha, ambacho alikuwa amevuka nacho bila kujua. Redio alitoa spana mfukoni akaiinua mbele ya Bi Ardella, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

— Hiyo irudishe mfukoni, Ervin. Na mfuko wenyewe ushone. Quincy, mwanangu, spana yangu iko droo ya jikoni, ya pili. Na nyinyi simameni kule kwenye majani. Mbali zaidi. Shemasi, na wewe.

Walisimama kwenye majani. Alilifungua fundo la kamba kwa meno. Alilegeza cha kulia mpaka nati ikawa huru kabisa, na cha kushoto vivyo hivyo, akaanza upya vyote viwili, unywele kwa unywele, akibonyeza, akisikiliza, akigeuza. Jua lilipanda juu ya paa la Arkadia. Ng'ambo meneja alifika, akafungua milango, akawatazama watu wanne waliosimama kwenye majani ya mtu kama miti, akaingia ndani bila kuuliza. Bi Ardella alivaa kiatu kimoja, akasimama juu yake, akaegemea, akavua.

— Hawa wa kulia nawaelewa, alisema bila kuinua kichwa. Nilisema zinanitangulia, mkakaza. Ujinga, lakini naufuata hatua kwa hatua. Unaanzia hapa, unaishia sakafuni.

Aligeuza nati ya mwisho, akafuta spana yake kwa pindo la gauni. Kisha akainua kiatu cha kushoto juu, waone wote, na sasa akawatazama.

— Ila huyu aliyelegeza cha kushoto. Alikuwa anataka nini?

Laini Tatu alimtazama Shemasi. Shemasi alitazama mbinguni. Redio alikuwa amekwisha kusema ya mwaka mzima. Sukari alisema ameacha kahawa motoni, akavuka barabara kwa haraka, ndala zikipiga lami, kwenda kuiwahi kahawa iliyokuwa imekwisha kabla hawajaondoka.